Nani Anakula Vifaranga Wetu?

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na afisa mifugo wa idara yetu kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, mkoani Singida. Tunaichapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria, na kwa wafadhili wetu.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya kuwakinga kuku na wanyama wanaowashambulia. Huenda wengine wanajiuliza kwa nini kikao kizima kizungumzie mwewe na vicheche. Naomba mnivumilie, maana nina kosa la kuungama mbele yenu.

Katika kijiji kimoja, bibi mjane anayelea wajukuu wanne alipokea mitetea mitano na jogoo mmoja kutoka katika mradi wetu. Kuku watatu wakaangua vifaranga 31. Baada ya wiki tatu walibaki 9. Hakukuwa na damu wala mzoga. Watu wakaanza kumnyooshea kidole kijana wa jirani. Nyumba mbili zilizokuwa zikisali pamoja katika jumuiya ndogondogo zikaacha kusalimiana. Mwenyekiti wa kamati akaniita nikaamue.

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, niliomba tuuzungukie uwanja. Nyuma ya jiko palikuwa na kichuguu cha zamani kilichozingirwa na vichaka. Kwenye tundu lake tulikuta manyoya ya vifaranga. Tukakaa kimya kivulini, na mnamo saa 4 asubuhi nguchiro wakatoka mmoja mmoja, wakaelekea uwanjani.

Kijana hakuwa na hatia. Bibi alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu. Katika taarifa yangu nilikuwa nimeandika "kuku 6 wamekabidhiwa", nikaweka sahihi. Sikuuliza vifaranga watakaa wapi.

KWANZA: TUMTAMBUE ADUI

Kila adui huacha alama yake. Tuangalie saa, tuangalie kilichobaki.

- Mwewe na kipanga hushambulia mchana. Kifaranga hunyakuliwa mmoja, kuku mama hupiga kelele, na chini hubaki manyoya machache au hakuna kitu.

- Nguchiro wengi hutembea mchana, wakitokea vichakani au kwenye vichuguu. Hula vifaranga, na mayai huyavunja na kuacha maganda.

- Kicheche, kanu na paka mwitu huja usiku. Wakipenya ndani ya banda wanaweza kuua kuku kadhaa kwa mara moja. Majeraha tuyatafute kichwani na shingoni.

- Nyoka humeza yai zima, hivyo hatuoni ganda. Kifaranga aliyemshinda kumeza hukutwa amekufa, manyoya yakiwa yamelowa mate.

- Panya huburuta vifaranga wachanga hadi mashimoni. Tutafute mashimo kando ya ukuta.

- Siafu humshambulia kuku akiwa ameatamia au amefungiwa na hawezi kukimbia.

- Mtu naye yumo. Kuku wakubwa wakitoweka usiku mmoja, mlango umefunguliwa vizuri na hakuna hata unyoya, tusimsingizie kicheche. Tupeleke taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, wala tusimtafute mchawi.

Tukikuta kuku wengi wamekufa bila jeraha, na waliobaki wanaharisha kijani au wamepinda shingo, tushuku ugonjwa wa mdondo. Hapo banda peke yake halitasaidia. Kinga ni chanjo kama ile ya I-2, tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi mitatu.

PILI: TUMZUIE

Vifaranga wakae ndani ya tenga kwa wiki nne za kwanza. Tenga la fito linatosha, mradi lifunikwe juu. Wapewe chenga za mahindi au mtama, mchwa, majani mabichi na maji safi. Usiku waingizwe bandani pamoja na mama yao.

Banda la usiku liinuliwe kama mita moja kutoka ardhini. Nguzo zizungushiwe bati laini ili panya na nyoka wasipande. Madirisha yawekwe wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, kwa sababu matundu makubwa humzuia kuku kutoka lakini hayamzuii nyoka kuingia. Mlango ufungwe kabla giza halijaingia.

Vichaka vifyekwe umbali wa mita tano kuzunguka banda, mashimo yazibwe, mayai yaokotwe kila siku. Siafu wakionekana, kuku wahamishwe haraka na majivu yamwagwe kuzunguka nguzo. Kwa ajili ya mwewe, tuacheni mti wa kivuli au tujenge kichanja cha nyasi ambapo kuku watakimbilia. Vitu vinavyong'aa vikitundikwa humtisha mwewe kwa siku chache, kisha huvizoea.

TATU: TUSITUMIE SUMU

Kamati moja iliomba fedha za kununua sumu. Nilikataa, na nawaomba nanyi mkatae. Sumu haichagui. Itamuua mbwa wa mlinzi, itamuua paka anayetusaidia kumaliza panya, na inaweza kumuua mtoto. Tumbusi wakila mzoga wenye sumu hufa kwa makundi. Ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya aina kadhaa za tumbusi wa Afrika zitangazwe mwaka 2015 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tena nguchiro na kicheche hula panya na wadudu wa mashamba yetu. Tunalotaka ni wasiingie bandani.

OMBI LANGU

Kwa wajumbe: msisaini makabidhiano ya kuku kabla hamjaliona banda na tenga kwa macho yenu. Na katika taarifa ya robo mwaka, msiandike tu idadi ya kuku waliogawiwa. Andikeni idadi ya vifaranga waliofikisha miezi miwili.

Kwa wafadhili wetu, ambao tunawashukuru sana: hadi sasa fedha zote zimekwenda kwenye kuku. Naomba sehemu yake inunue wavu, misumari na matenga. Maana yake kaya zitakazopata kuku zitapungua. Najua idadi ndogo haipendezi kwenye taarifa. Lakini ni afadhali kaya 20 zenye kuku hai kuliko kaya 30 zenye karatasi ya makabidhiano.

Bibi yule sasa ana banda na tenga. Katika uanguaji uliofuata alipata vifaranga 12, na 10 wakafikisha miezi miwili. Nyumba zile mbili zinasali tena pamoja, ingawa mama wa kijana aliniambia kwamba maneno yale bado hajayasahau.

Bwana wetu alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga wake chini ya mbawa. Nasi tusimpe mjane kuku tukamwachia mwewe vifaranga.