Tusimfungie Mtu Hesabu

Dominika ya Pili ya Pasaka



Katika Dominika hii, ambayo ni pia Dominika ya Huruma ya Mungu, Kanisa hutusomea kila mwaka Injili ileile, yaani habari za Mtume Tomaso. Sote twamfahamu. Tukitaka kumsema mtu mgumu wa kusadiki, twamwita "Tomaso", na hatuongezi neno. Leo twapenda kuanza mbali kidogo na Yerusalemu, ili tupate kumrudia Mtume huyu na kumtazama upya. Tutaanza na mchezo wa mpira.

Mwaka 2025 sikukuu ya Pasaka ilitukuta ugenini, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, tulikoalikwa kuwahudumia waamini wasemao Kiswahili, ambao wengi wao ni familia zilizotoka Kongo. Huko, baada ya Misa, watu hukaa ukumbini wakinywa kahawa. Dominika kama hii ya leo tuliwakuta waamini kadhaa, wenyeji wa nchi ile, wakibishana kwa sauti kubwa. Tulidhani pana ugomvi. Kumbe walikuwa wakizungumzia timu yao ya Cleveland.

Mpira wanaoushabikia si kandanda tuichezayo sisi. Ni mpira wa Kimarekani, wenye umbo kama la yai, nao huchezwa zaidi kwa mikono. Katika kila timu yuko mchezaji mmoja ambaye karibu kila shambulio huanzia mikononi mwake, nao humwita kwotabeki. Akifanya vema, husifiwa kuliko wenzake wote. Timu ikishindwa, lawama humwangukia yeye kwanza. Timu ya Cleveland, tangu iliporudi katika ligi mwaka 1999, imebadilisha watu wa nafasi hiyo mara nyingi mno, na mashabiki wake wamechoka kungoja.

Kila mwaka katika mwezi wa Aprili, ligi hiyo hufanya uteuzi wa vijana wapya wanaotoka vyuo vikuu. Timu ni 32, na mizunguko ya kuchagua ni 7. Kwa kawaida timu iliyoshika mkia katika msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua, ili aliye dhaifu naye apate kuinuka. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 mjini Philadelphia, kwa shauri la Bert Bell, aliyekuwa mwenye timu ya mji huo. Siku hizi, kabla ya uteuzi, vijana wengi huitwa Indianapolis wakapimwe urefu, uzito, upana wa kiganja, na mwendo wao katika mbio za yadi 40. Wataalamu hupanga majina yao, huyu wa kwanza, yule wa hamsini. Mashabiki nao hupanga orodha zao, na kwa miezi kadhaa hubishana ni nani atakayewaokoa na ni nani atakayewaaibisha.

Hatusemi kwamba jambo hilo ni dhambi. Timu haina budi kuchagua. Hata sisi huchagua wenyekiti wa jumuiya ndogondogo, huwapima vijana wanaoomba kwenda seminarini, na huamua ni nani afundishe wakatekumeni na ni nani aimbishe kwaya. Kupima kama mtu anaifaa kazi fulani ni wajibu wa kila aliyekabidhiwa kazi hiyo. Lakini sikilizeni yaliyotokea juma lile.

Alikuwapo kijana mmoja, jina lake Shedeur Sanders, kwotabeki wa chuo kikuu cha Colorado, na mwana wa Deion Sanders, mchezaji mashuhuri wa zamani ambaye pia alikuwa kocha wake. Wengi walitazamia kwamba angeteuliwa mapema, katika mzunguko wa kwanza, usiku wa Alhamisi. Alhamisi ikapita. Ijumaa ikapita, na Cleveland wakamteua kwotabeki mwingine. Siku hiyo ya Ijumaa simu ya Shedeur ililia, na mtu akajitambulisha kuwa kiongozi wa timu fulani, akimwambia kwamba sasa wanamchukua. Kisha akamwambia kwamba itambidi angoje kidogo zaidi. Ulikuwa mzaha. Aliyepiga simu alikuwa kijana mwenzake, mtoto wa kocha wa timu nyingine, ambaye aliiona namba ile ya siri katika chombo cha baba yake. Baadaye akaomba radhi, na uongozi wa ligi ukaitoza timu ile faini ya dola 250,000, na kocha yule dola 100,000. Jumamosi, katika mzunguko wa tano, akiwa wa 144, Shedeur aliteuliwa na Cleveland hao hao.

Basi kahawa ya Dominika ile ilikuwa na maneno mengi. Mmoja alisema kijana ana majivuno, na ya kumpata yalimstahili. Mwingine alisema wenye timu wamemwonea. Wa tatu aliuliza timu moja inataka makwotabeki wangapi. Hapo mzee mmoja Mkongo, aliyekuwa ameketi nasi akitafsiriwa mabishano yale, akatuuliza polepole: "Padre, huyo kijana wanayemsema, mama yake yuko hai?"

Hatukuwa na jibu. Ila tulitambua kwamba katika maneno yote yaliyosemwa ukumbini humo, hilo lilikuwa neno la kwanza kumhusu kijana mwenyewe. Mengine yote yalihusu mkono wake, miguu yake, bei yake na baba yake.

Wapendwa, tusidhani kwamba sisi tu bora. Katika juma lilelile, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amefariki dunia, na alizikwa Jumamosi ileile ambayo Shedeur aliteuliwa. Meza ya pili pale ukumbini walikuwa wakizungumzia ni nani atakayekuwa Papa. Tuliketi huko nako, tukachangia. Kardinali huyu ni mzee mno. Yule hajui lugha za kutosha. Huyu ni mpole lakini hana nguvu ya kuongoza. Tulikuwa tunawapima watumishi wa Mungu kwa urefu na upana, kama wapimwavyo vijana wa Indianapolis. Tarehe 8 Mei makardinali 133 wakamchagua Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, ambaye leo ni Papa Leo wa XIV. Jina lake halikuwa miongoni mwa majina yaliyotajwa sana, na mezani petu hakulitaja mtu, hata sisi hatukulitaja.

Pengine mtasema: kumbe fundisho ni kwamba aliyedharauliwa hushinda. Mashabiki wa mchezo ule hupenda kusimulia habari za Tom Brady, ambaye mwaka 2000 aliteuliwa akiwa wa 199, baada ya makwotabeki wengine sita, naye akatwaa ubingwa mara 7. Ni habari njema kuisikia, lakini haitoshi. Kwa maana ikiwa Brady ana thamani kwa sababu hatimaye alishinda, tutasema nini juu ya yule ambaye hakushinda kamwe?

Mwaka 1998 nchi ile ilibishana sana juu ya vijana wawili, Peyton Manning na Ryan Leaf. Manning akateuliwa wa kwanza, Leaf wa pili. Manning akawa bingwa. Leaf hakufaulu, baada ya miaka michache aliacha mchezo, akazama katika ulevi wa dawa za kutuliza maumivu, na mwaka 2012 akafungwa gerezani. Kwa mashabiki wengi jina lake limekuwa neno la kutajia uteuzi uliokwenda vibaya. Akitokea kijana mwenye mashaka, huulizwa kama hatakuwa Leaf mwingine. Lakini mtu huyo hakuishia gerezani. Alitoka mwishoni mwa mwaka 2014, na tangu hapo amekuwa akisimama mbele za watu kusimulia anguko lake, ili kuwasaidia wengine waliofungwa na ulevi kama wake. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Walilisema ili kuwaonya wenye kuwacheka wenzao. Nasi Wakristo tunasikia ndani yake pia neno la matumaini, kwamba maadamu mtu yu hai, Mungu hajamaliza kazi yake ndani yake.

Na sasa tumrudie Tomaso. Alikosa mara moja, kwa muda wa juma moja, na kwa kosa hilo tumempa jina kwa karne ishirini. Tumesahau kwamba ni yeye yule ambaye, Bwana alipoazimia kurudi Uyahudi walikotaka kumwua, aliwahimiza wenzake waende nao wakafe pamoja naye. Tumesahau kwamba kinywa hicho kilichosema "sitasadiki" ndicho kilichomkiri Yesu kuwa Bwana na Mungu, ungamo ambalo katika Injili ya Yohane hakuna linalolipita. Tumesahau kwamba Wakristo wa India ya kusini wanamheshimu kama baba yao katika imani. Sisi tulimfungia hesabu siku ya kwanza. Bwana Yesu alirudi siku ya nane. Alikuja milango ikiwa imefungwa, na hakumtafuta mwingine wa kushika nafasi yake. Alimwonyesha madonda yake. Tomaso alipokelewa kabla hajasema neno lolote jema.

Kwa unyenyekevu tunapenda kuwaambia jambo lililotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka, tulisimama mbele ya altare baada ya Komunyo, tukasoma majina ya vijana wa parokia waliofaulu. Kila jina watu walipiga makofi, na akina mama walipiga vigelegele. Tuliona tumefanya jambo zuri la kuwatia moyo vijana. Juma lililofuata, mama mmoja wa chama cha Moyo Mtakatifu alikuja ofisini, akabaki amesimama ingawa tulimkaribisha kiti. Alisema: "Padre, mwanangu hakuwamo katika karatasi yako. Tangu siku ile hataki kuja kanisani. Jana ameniuliza kama bado yumo katika kitabu cha ubatizo."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumemsomea kijana yule hukumu mbele ya altare bila hata kulitaja jina lake. Jioni ile tulikwenda kwao. Alitoka nje, akatuamkia, "Shikamoo, Padre," kwa adabu yote, akainamisha macho. Tukamwomba radhi, yeye na mama yake. Tulikuwa tumechukua kitabu cha ubatizo, tukakifungua juu ya mapaja yetu, tukamwonyesha mstari wenye jina lake. Alilitazama muda mrefu. Hakurudi kanisani Dominika ile, wala ile iliyofuata. Alirudi baada ya miezi, akakaa kiti cha nyuma. Leo hii si daktari wala si padre. Anatengeneza baiskeli karibu na soko, na watoto wanampenda. Hatuwasimulii habari zake kwa sababu ameshinda kitu. Tunawasimulia kwa sababu yumo kitabuni, na alikuwamo siku zote.

Ndugu makatekista, ninyi mnaposahihisha majibu ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, mnapaswa kuona ni nani hajajua sala zake, na kumfundisha tena. Lakini msimpe jina kwa kosa lake. Mtoto akiitwa "mzito" mbele ya wenzake, atalibeba neno hilo miaka mingi baada ya kuisahau katekisimu yenyewe. Nanyi wazazi, mnapowalinganisha watoto wenu wawili mezani, mmoja akawa Manning na mwingine Leaf, kumbukeni kwamba wote wawili wanasikia. Nanyi vijana mnaobishania timu zenu kila jioni, bishaneni kwa furaha. Semeni kwamba mchezaji fulani amecheza vibaya, ikiwa ni kweli. Ila kabla hamjasema kwamba hafai kitu, jiulizeni swali la mzee yule: mama yake yuko hai? Angekuwa ameketi hapa kati yetu, tungelisema hivi?

Juma hili kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyekwisha kumfungia hesabu. Pengine ni ndugu aliyekopa asilipe, au jirani aliyeacha pombe mara tatu akairudia, au mwana aliyeondoka nyumbani kwa hasira. Hatuambiwi tujifanye hatuoni kosa lake, kwa maana hata Bwana Yesu hakumwambia Tomaso kwamba hakukosea. Tunaombwa turudi siku ya nane. Tubishe hodi, tumsalimu kwa jina lake la ubatizo, na tukae naye kidogo.

Ee Bwana Yesu, uliyemrudia Tomaso, uturudie na sisi tuliokwisha kuandikwa na wengine kuwa hatufai. Na utupe macho yako, tusije tukamwandika mwingine hivyo. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.