Mlima Gelai Juu ya Meza

Bwana Mwenyekiti, walimu wetu, na ndugu zangu tuliokula maharagwe ya sufuria moja:

Niliombwa niseme ninachofanya tangu nistaafu, nami nikaahidi kutogusa habari za mgongo wala za malipo ya uzeeni. Nitasema habari za injini moja ya reli, yenye urefu wa sentimita 36.

Injini zenyewe mwazikumbuka. Ni zile Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, rangi ya damu ya mzee, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Sisi tuliokuja shule kwa gari la moshi kutoka pwani tulizikuta njiani zikivuta mizigo, tukabishana dirishani nani amelisoma jina kwanza.

Marehemu mwenzetu, yule wa kitanda cha dirishani, alikuwa amenunua vipande vya shaba vya kuundia mfano wake, kipimo cha moja kwa 87. Alipofariki, mkewe akaniletea sanduku. Kazi ilikuwa imefika nusu. Nami nilikuwa ndiyo kwanza nimetandika reli mpya juu ya meza, upana wa milimita 12, nikaona bahati imenijia.

Nilipoiweka relini, ilikwenda vizuri palipo nyoofu. Kwenye kona ikaanguka. Nikailaumu reli, nikang'oa kona na kuipanua mara mbili. Ikaanguka tena.

Ikabidi niende Makumbusho ya Reli, Nairobi, nikachungulie chini ya ile namba 5918, Mount Gelai. Hapo nilikumbuka maana ya Garratt. Injini ile ya tani 252 ilipita njia ya mita moja yenye kona nyingi kwa sababu boila lake halikai juu ya magurudumu. Limetundikwa katikati ya magari mawili, kila moja lina magurudumu 14, na kila moja hugeuka kivyake kwenye egemeo lake. Mwenzetu alikuwa amelehemu egemeo la mbele likawa kitu kimoja na boila.

Ndugu zangu, nilikaa wiki tatu bila kuigusa. Kulehemu kwake kulikuwa safi kuliko kwangu, kama mwandiko wake. Na shaba husambaza moto upesi. Ukiyeyusha kiungo kimoja, vya jirani navyo hufumuka. Nilimpigia simu mkewe kumwomba ruhusa. Akacheka, akaniuliza, "Kwani yeye aliwahi kukuomba ruhusa alipokuazima viatu?"

Basi nikavizungushia viungo vya jirani karatasi iliyoloweshwa maji, nikashika chuma cha moto, nikakifungua kile kimoja. Kilidondoka kibomba cha mchanga tu. Nimekirudisha, kimekaa upande kidogo; atakayechungulia atajua ni kazi yangu.

Mtanisamehe, mvuke haimo. Ndani mna mota ndogo ya umeme. Lakini inageuka kona zote. Nimeileta, iko kwenye meza ile karibu na chai. Jina lake halijabandikwa bado. Mwana wa marehemu yuko nasi leo, na nimemwachia yeye kibao na gundi.