Nani Anabaki na Mtoto?

Wasikilizaji, mnakumbuka Juni 2020? Machakos yetu ilikuwa katika kila taarifa ya habari: wasichana karibu 4,000 wamepata mimba, miezi mitano tu. Tukalaumu korona, tukalaumu simu, tukawalaumu wasichana wenyewe. Lakini hesabu ile ilitoka kwenye rekodi za kliniki, za walio na umri wa miaka 10 hadi 19, na shule zilifungwa katikati ya Machi. Aliyefika kliniki Januari alishika mimba kabla korona haijafunga shule. Tena miezi hiyohiyo ya 2019 idadi ilikuwa kubwa zaidi, na hatukusikia kelele.

Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanavaa sare. Mimi nauliza mama zao wako wapi.

Sera ipo. Tangu 1994 Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na mwongozo wa 2020 ukasisitiza hivyo. Ila sera haibebi mtoto. Saa kumi na mbili asubuhi, binti wa Masii au Kathiani akifunga kamba za viatu, mtoto analilia titi. Nani anabaki naye? Nyumba ikiwa na susu, yaani nyanya, mwenye nguvu, binti ataenda. Susu akiwa ameamkia kibarua kwenye shamba la mtu, sare inarudi msumarini.

Kwa hivyo naililia kaunti jambo moja. Katiba, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti chekechea na vituo vya kulelea watoto. Basi tupewe chumba safi karibu na shule za kutwa, mlezi anayelipwa, na nafasi ya mama kunyonyesha wakati wa mapumziko. Jirani zetu wa Kajiado wana Greenland Girls, shule ambako mama wadogo wanasoma na watoto wao wako papo hapo. Si ndoto.

Na baba je? Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa wajibu sawa na mama, wameoana au hawajaoana. Akiwa mtu mzima aliyempa mimba mtoto wa chini ya miaka 18, hiyo ni kesi ya unajisi. Wazee wasikae chini ya mwembe kuhesabu mbuzi wa fidia. Akiwa mvulana wa shule, msimfiche kwa mjomba Nairobi. Afundishwe kubadilisha nepi, na Jumamosi amshike mtoto ili mwenzake apate kusoma.

Mzazi unayenisikiliza, najua una uchungu. Ulilipa karo kwa shida, ukawa na matumaini yako. Lakini binti yuko chumba cha pili, na redio hii anaisikia. Zima hasira kwa leo. Mwulize amekula nini, maana anayenyonyesha hashindi na chai ya rangi. Kisha mwulize vitabu vyake ameviweka wapi.