Tuliacha Pikipiki Kubwa, Tukachukua Inayofika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuwaeleze ile habari ya pikipiki yetu. Wengi wenu mmeisikia sokoni, na mmeisikia vibaya. Kuna wanaosema tulinyang'anywa kwa sababu ya deni. Kuna wanaosema tuliiuza tukala pesa. Leo tunaisema sisi wenyewe, pamoja na makosa yetu, ili kikundi kingine kisiingie shimo lile lile.

Ile kubwa mnaikumbuka. Tulipewa na marafiki wa kikundi walioko ng'ambo. Injini yake ilikuwa ya lita moja, sawa na ya gari dogo. Mbele ilikuwa na kioo cha kukinga upepo, pembeni masanduku mawili, na kiti kipana kama cha ofisini. Siku ilipofika watoto wa shule waliacha mpira wakaja kuitazama. Mwenyekiti wetu alipigwa picha akiwa ameikalia, na picha hiyo iko ukutani kwake mpaka leo.

Tuseme haki: haikuwa pikipiki mbaya. Za namna ile zilitengenezwa kwa safari ndefu za lami. Inayojulikana sana ni Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1975. Ilikuwa na silinda nne, injini ya kupozwa kwa maji, na shafti ya kuzungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni. Mtu wa Marekani anaipanda asubuhi, anakata mamia ya kilomita kwenye barabara kuu, na jioni anashuka mgongo haumuumi. Kosa lilikuwa letu. Tulipokea bila kuuliza itapita wapi.

Barabara yetu mnaijua. Kutoka kwenye lami mpaka kwa kikundi cha mwisho ni kilomita 23. Tisa za kwanza ni murramu. Zinazobaki ni udongo mweusi, ule ambao wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na mvua ikinyesha unanata kama ugali mbichi. Pikipiki yenyewe, bila mzigo, ilikuwa zaidi ya kilo 250. Hayo ni karibu magunia matatu ya mahindi. Ikilala, mtu mmoja haiinui.

Basi ikafika ile siku ya Aprili. Tulikuwa tumebeba chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa boma zima kwa wiki moja. Chanjo ile inataka baridi, nayo ilikuwa ndani ya kisanduku chenye barafu. Akina mama wa kikundi cha mwisho walikuwa wamefungia kuku wao tangu alfajiri wakitungoja. Tulipofika kwenye udongo mweusi, matope yalijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele likakataa kuzunguka. Pikipiki ikalala. Ikamlalia mweka hazina wetu mguu, na bomba la moshi likamchoma juu ya kifundo. Alilia peke yake karibu nusu saa kabla wachungaji wa ng'ombe hawajamsikia. Walihitajika watu wanne kumtoa.

Mguu ulipona, ingawa alama anayo. Chanjo haikupona. Barafu iliyeyuka, nasi hatukuwa na nyingine. Siku chache baadaye kideri kiliingia kule, na akina mama wale walipoteza karibu kuku wote. Kuku wale walikuwa karo ya shule, sabuni na mafuta ya taa. Tulipoenda kuwaona hawakututukana. Walitupa viti na chai. Jamani, afadhali wangetutukana.

Tuliitisha mkutano. Mmoja wetu akasema tuuze ile kubwa tununue ndogo inayopanda kila mahali. Makelele yakawa mengi. Mzee mmoja alisema kuuza zawadi ni kumtukana aliyekupa. Vijana walisema watu watatucheka, kwamba tumerudi nyuma. Tuwaambie ukweli: kilichotuchelewesha miezi mitano hakikuwa pesa. Kilikuwa ni aibu. Ile pikipiki ilikuwa imetupa heshima, na heshima hiyo tuliipenda kuliko kazi. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini sisi tulikuwa tunahesabu pua.

Mwishowe tuliwaandikia wale marafiki, tukawaeleza kila kitu, hata habari ya kuku. Walijibu kwamba walitoa ile pikipiki ifanye kazi, na kama haifanyi, tuibadilishe na inayofanya. Tuliuza kwa mtu wa mjini anayesafiri kwenye lami, mbele ya kamati nzima, na hesabu ikaandikwa siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka kuiona ile hesabu, daftari liko hapa mezani.

Tuliyonunua ni ile aina ya njia mbili: inaruhusiwa barabarani, ina taa na namba, na kwenye njia ya ng'ombe pia inapita. Wazee mnazijua. Yamaha DT 125 na Honda XL 125 ni za ukoo huo, na miaka ya 1980 na 1990 maafisa wengi wa kilimo walizipanda vijijini. Sio jambo geni. Yamaha walitoa DT-1 mwaka wa 1968. Mwaka wa 1979 Cyril Neveu wa Ufaransa alishinda mashindano ya kwanza ya Paris-Dakar, yaliyovuka jangwa la Sahara, akiwa juu ya Yamaha XT500 yenye silinda moja tu.

Yetu ina uzito wa kilo 130 hivi, yaani gunia moja na nusu. Ikianguka, mama mmoja mwenye nguvu anaiinua, tena tumelijaribu jambo hilo. Gurudumu la mbele ni kubwa na jembamba, linapanda jiwe badala ya kuligonga. Springi ni ndefu, kwa hiyo shimo halikupigi kiunoni. Injini iko juu kutoka ardhini, na bomba la moshi limepanda juu ili lisinywe maji mtoni. Madigadi ya mbele iko mbali na tairi, matope yanapita. Mafuta tumeyaandika: ile kubwa ilikula lita moja kwa kilomita 15, hii inapita 35.

Lakini msidhani ndogo haina taabu. Kwenye lami ndefu inachosha. Kiti ni kigumu, upepo unakupiga kifuani, na lori likikupita unayumba. Mzigo inabeba mdogo, kwa hiyo mahali tulipoenda mara moja sasa twaenda mara mbili. Tena kiti kiko juu; mtu mfupi hafikishi miguu miwili chini, na lazima ajifunze kusimama kwa mguu mmoja. Cheni nayo si shafti. Inataka kusafishwa, kutiwa oili na kukazwa, na usipoiangalia itakatika ukiwa porini.

Hapo kwenye matunzo ndipo vikundi vingi vinaangukia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Barry Coleman wa Uingereza na Randy Mamola, mwendesha pikipiki wa mashindano kutoka Marekani, walifika Somalia. Walikuta pikipiki za watu wa afya zimetupwa, na nyingi zilikuwa zimeharibika kwa kukosa matengenezo madogo tu. Kutokana na safari hiyo likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha wahudumu wa afya wa Afrika kupanda na kutunza pikipiki.

Sasa tunawaachia mambo matano.

Kwanza, kabla ya kununua au kupokea pikipiki, tembeeni kwa miguu kipande kibaya zaidi cha njia yenu, tena wakati wa mvua. Chagueni ya kupita pale. Msichague kwa ajili ya kipande kizuri.

Pili, ilalisheni chini. Kama anayeipanda hawezi kuiinua peke yake, hiyo si yenu.

Tatu, ulizeni vipuri kwa fundi wa soko lenu. Plagi, cheni, tairi na waya wa klachi vipatikane bila kwenda Nairobi.

Nne, wekeni pesa ya kofia mbili ngumu na koti mbili zenye kung'aa, ya mpandaji na ya anayebebwa. Sheria ya Kenya inazitaka, na inaruhusu abiria mmoja tu. Sisi kwenye ile kubwa tulikuwa na kofia moja na tukajiona matajiri.

Tano, wafundisheni watu wawili, na kila asubuhi mmoja wao akague mafuta, oili, breki, upepo wa tairi, cheni na nati. Ni dakika tano.

Tunamalizia na wale akina mama. Mwaka uliofuata, mvua ikiwa inanyesha, tulifika kwao saa tatu asubuhi na barafu bado ngumu. Mama mmoja aliitazama ile pikipiki, imejaa matope mpaka kwenye usukani, akasema, "Hii ni mbaya kwa macho, lakini imefika." Kisha akaenda kuwashika kuku.