Kwa Nini Uso wa Mtu Hubadilika kwa Umri



Mtu aliyetoka kwao akiwa kijana, akarudi baada ya miaka 30, huweza kupita mbele ya ndugu zake wasimtambue mpaka waisikie sauti yake. Wengi hudhani kuwa ngozi peke yake ndiyo iliyobadilika. Sivyo, hata mifupa iliyo chini yake hubadilika.

Mtoto mchanga ana paji pana na taya dogo, kwani ubongo hutangulia kukua. Afikapo umri wa miaka 6, ubongo wake hukaribia sehemu 9 katika 10 za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, lakini mataya yangali yakingoja meno ya ukubwani. Meno hayo yaotapo, uso hurefuka na sura ya kitoto hutoweka.

Katika uzee matundu ya macho katika fuvu hupanuka, mafuta ya mashavuni hupungua na kuteremka, na zile nyuzi ziipazo ngozi nguvu hulegea. Jua kali na tumbako huziharibu upesi zaidi, ingawa ngozi nyeusi ina kinga yake na mikunjo huichelewea.

Lakini kung'oka kwa meno hushinda hayo. Mfupa ulioshika jino hudumu kwa kazi ya kutafuna. Jino likitoka, mfupa ule hupungua mwaka hata mwaka, midomo huingia ndani, na kidevu huikaribia pua. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 aliyepoteza meno yake yote huweza kuonekana mzee kuliko jirani yake wa miaka 60 apigaye mswaki kila siku. Vijana wamwamkiapo "Shikamoo, babu" hawana kosa.

Mabadiliko hayo yote huja polepole, na kwa pande zote mbili. Uso ukipinda ghafula upande mmoja, mkono ukalegea, au maneno yasitoke vyema, huo si uzee, wala si kijicho cha jirani. Huenda mshipa wa damu ubongoni umeziba au umepasuka, yaani kiharusi, na kila dakika ipitayo sehemu ya ubongo hufa. Mgonjwa huyo asifichwe nyumbani, wala asinyweshwe dawa yoyote, kwani aweza kupaliwa. Apelekwe hospitali mara moja, na amsindikizaye aikumbuke saa maradhi yalipoanza, maana daktari ataiuliza.