Pete ndani ya karai

Wandugu wapenzi, ninyi wa Kabambare na ninyi wa Kasongo mnaotusikiliza, leo tunarudi juu ya neno tulilosema sisi wenyewe kwenye mikro hii.

Tulitoa mfano wa saa. Tulisema: ukiokota saa njiani, unajua kuna fundi aliyeitengeneza, basi ulimwengu, wenye mpango kupita saa, nao una Fundi. Mfano huo si wetu. William Paley, padri wa Kianglikana wa Uingereza, aliuandika mwaka 1802, na wahubiri wengi wanaurudia kama wimbo wanaoujua kwa kichwa.

Kijana mmoja anayechimba dhahabu upande wa Salamabila akatutumia swali. Alisema hivi: “Nikiosha mchanga na kuona pete ndani ya karai, ninashtuka, ninauliza ni ya nani. Nikiona punje ya dhahabu sishtuki, ninajua imetoka katika udongo. Ninyi mnasema vyote viwili vina fundi. Mbona basi ni pete peke yake inayonifanya nimtafute fundi?”

Tulikaa kimya. Kijana ametushika. Tunajua saa ni kazi ya mkono kwa sababu haifanani na mawe wala nyasi zilizo kando yake. Halafu tunageuka na kusema mawe na nyasi navyo ni kama saa! Mfano kama huo umekula mbegu yake wenyewe.

Kabla ya Paley, mwaka 1779, kilitoka kitabu cha David Hume wa Scotland, aliyekuwa amekwisha kufa. Yeye aliuliza: merikebu inajengwa na mafundi wengi, je, tuseme miungu ni wengi? Hapa kwetu nyumba ina mchoma matofali, mwashi na seremala, na hakuna kati yao aliyeumba udongo. Ukiufuata mfano mpaka mwisho, haukufikishi kwa Mungu Mmoja aliyeumba vyote pasipo kitu.

Lakini kuna lililo zito kuliko hayo. Fundi akitoa saa mbovu, tunamlaumu. Mama aliyekimbia bunduki na kuzika mtoto wake porini, akisikia tunamwita Mungu fundi wa saa, atauliza kwa haki: hii yangu ilivunjwa na nani? Na yule kijana alituambia neno lililotuumiza: alipokuwa mdogo, mwalimu wake wa dini alimwambia kwamba anayekataa mfano wa saa amemkataa Mungu. Akaamini hivyo. Siku mfano ulipoanguka, akaacha kusali, kwa miaka. Tumefunga imani ya watu kwenye mti mwembamba, na sisi tuliofunga hatukuupima.

Je, tutupe mifano yote? Bwana wetu hakuitupa. Katika Luka 18 anatumia hakimu asiye na haki, na hakuna anayefikiri Mungu ni mwovu kama yule. Katika Luka 11 anatoa baba anayempa mtoto chakula, halafu anasema Baba wa mbinguni atapita hapo, mbali sana. Mfano wake una mlango wazi. Na Mtaguso wa Laterani, mwaka 1215, ulifundisha kwamba kila mara tunapoona Muumba anafanana na kiumbe, kutofanana kunabaki kukubwa zaidi.

Mtume Paulo, katika Warumi 1, anasema viumbe vinamwonyesha Mungu. Tunalishika neno hilo. Lakini tukizungumza na mchimbaji, tungeacha pete na kuuliza juu ya punje: mbona kuna dhahabu, na mchanga, na mto wa kuoshea, badala ya kutokuwa na kitu kabisa? Hapo hatufananishi, tunauliza tu. Swali hilo halimfungi mtu mdomo. Wako watu wenye akili wanaolisikia na bado hawaamini, nasi tusiwaite wajinga.

Kijana tulimjibu kwamba swali lake ni zuri kupita mahubiri yetu. Tukamwambia anaweza kuikataa saa yetu Jumamosi na kuja misa Jumapili. Hajatujibu bado.

Sasa wimbo, halafu tufungue Luka 11.