Pesa ya Kula, Si ya Kuonyesha: Nasaha kwa Kijana Anayekwenda Kusoma Leipzig

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mliokuja pamoja na watoto wenu, shukran kwa kubaki kunisikiliza baada ya futari. Nimeombwa niseme machache kuhusu safari ya masomo ya Ujerumani, hasa mji wa Leipzig, ambako mimi nilifika Oktoba 2014. Sitawasimulia uzuri wa majengo. Nitasema yale ambayo nilitamani mtu aniambie kabla sijapanda ndege.

Leipzig ni mji wa elimu tangu zamani. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1409. Na wala si ugenini kabisa kwetu. Mshairi wetu wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifundisha Kiswahili pale tangu 1995 hadi 2011. Kwa hivyo, kijana, usidhani wewe ndiwe wa kwanza kufika na begi lako na baridi yako mwilini.

Jambo la kwanza ni pesa. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi karo. Lakini si vyote: jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kila muhula. Soma barua yako ya kukubaliwa mpaka mwisho. Na hata pasipo karo, si bure, jamani. Ili upate viza ni lazima uthibitishe kwamba utaweza kujikimu mwaka mzima. Njia ya kawaida ni kuweka pesa katika akaunti iliyofungwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa ni yuro 11,904. Ukifika hupewi zote kwa mkupuo. Unafunguliwa yuro 992 kwa mwezi, basi.

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Familia hufanya harambee. Mjomba hutoa, shangazi hukopa, pengine kiwanja kinauzwa. Kisha atatokea mtu aseme: "Pesa hizi ni za kuonyesha ubalozini tu, akifika atazirudisha." Wazazi wangu, nawaomba kwa heshima zote: pesa hizi si za kuonyesha, ni za kula. Humo humo mnatoka kodi ya chumba, chakula, koti la baridi, na bima ya afya ambayo peke yake inapita yuro 140 kwa mwezi, na bila bima chuo hakimsajili mtu. Kijana akizirudisha nyumbani, yeye ataishi kwa nini?

Mimi nilisafiri na deni la namna hiyo. Kila mwezi nilikuwa nikituma sehemu ya pesa kumlipa mjomba aliyetukopesha. Zilizobaki hazikutosha, nikatafuta kazi ya usiku katika ghala la vifurushi. Asubuhi naingia darasani nasinzia. Muhula wa kwanza nikaanguka mitihani miwili. Mama akipiga simu namwambia, "Niko sawa, alhamdulillah." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ulipofika wakati wa kuongeza kibali cha kukaa, nikaulizwa mambo mawili: masomo yanaendeleaje, na pesa ya kuishi iko wapi? Sikuwa na jibu zuri la hata moja.

Siku ile nilimpigia mama nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona hukusema, mwanangu? Mjomba wako angengoja." Na kweli, mjomba alingoja. Deni lililonitesa mwaka mzima lilihitaji simu moja tu. Ndiyo sababu nasema: kama pesa ni ya mkopo, kaeni chini kabla ya safari, muandike italipwa lini, na isiwe kabla kijana hajamaliza masomo.

Pili, chumba. Barua ya chuo ikifika tu, siku hiyo hiyo omba nafasi katika hosteli za Studentenwerk, shirika linalosimamia makazi na chakula cha wanafunzi. Usingoje viza, maana foleni ni ndefu. Ukipanga kwa mtu, uliza bei unayoambiwa ni Kaltmiete au Warmmiete. Ya kwanza ni kodi tupu. Ya pili ina maji na joto la nyumba ndani yake. Wengi hudhani wamepata chumba rahisi, kumbe joto halimo! Dipoziti kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu. Na usimtumie pesa mtu ambaye hujaona chumba chake, hata akikutumia picha nzuri namna gani.

Tatu, makaratasi. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie, nenda ofisi ya mji ukaandikishe anwani yako. Hii ndiyo Anmeldung. Chukua pasipoti na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unakaa pale. Bila karatasi hii, mambo mengi hukwama. Kisha omba miadi ya kibali cha kukaa mapema, viza yako ingali hai, na uhifadhi barua inayoonyesha kwamba uliomba.

Tena, fungua sanduku lako la barua kila siku. Kule serikali bado inaandika barua. Mimi nilizirundika mezani kwa kuwa Kijerumani kilinishinda, kumbe moja ilikuwa ya ada ya redio na televisheni, ambayo leo ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Mkikaa watu watatu katika nyumba moja, mnalipa moja na kugawana. Kutosoma barua hakufuti deni. Usipoielewa, mpelekee mwenzako akusomee, si aibu.

Nne, kazi. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kutoka nchi kama yetu anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Itakusaidia, lakini usipange kuishi kwa kazi ambayo hujaipata. Miezi ya mwanzo lugha itakubana. Anza Kijerumani hapa hapa nyumbani, hata kama masomo yako ni kwa Kiingereza. Mwenye nyumba na daktari si lazima wajue Kiingereza chako.

Tano, dini na maisha ya kila siku. Neno Schwein ukiliona kwenye chakula, ni nguruwe. Soma vibandiko, na katika kantini ya chuo uliza. Nyama ya halali utaipata katika maduka ya Waturuki na Waarabu. Leipzig wengi wako mtaa wa Eisenbahnstraße. Nunua vitu Jumamosi, kwani Jumapili maduka karibu yote yamefungwa.

Saa nazo zitakushangaza. Mwezi wa Disemba Magharibi huingia muda mfupi tu baada ya saa kumi jioni, kwa hivyo Adhuhuri na Alasiri hufuatana mbio. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni, tukafuturu saa tatu u nusu usiku, funga ya zaidi ya saa 18. Nyinyi mna bahati: miaka hii Ramadhani imeingia majira ya baridi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Disemba, siku zikiwa fupi kabisa. Lakini usifuturu peke yako chumbani. Upweke ndio unaoangusha vijana wengi kuliko baridi. Tafuta msikiti wiki ya kwanza, jitambulishe, saidia kupanga sahani.

Wazazi wangu, mtoto akipiga simu msianze na "umetuma nini?" Anzeni na "umekula nini?" Na wewe kijana, ukiulizwa hivyo, sema kweli.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awarudishe na elimu yenye manufaa, na asiwavunjie heshima waliowachangia. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.